Mkopo wa Mshahara na Fedha za Kigeni

Wapo walimu na watumishi wa serikali wanaouliza iwapo mkopo wa mshahara waweza kuingizwa katika biashara ya fedha za kigeni kwa njia ya simu. Jibu lake ni la hesabu. Mfanyabiashara wa Kiboriloni anayenunua shilingi za Kenya ili afuate bidhaa Taveta, bei ikibadilika kidogo hupata hasara kidogo, kwani fedha anazo mkononi. Aweza hata kungoja gulio lijalo. Wa simu hangoji. Huweka shilingi 100,000 akaruhusiwa kufanya biashara ya 10,000,000. Bei ikimwendea kinyume kwa asilimia 1 tu, akiba yote imekwisha. Wakala naye hukata chake, mteja apate au akose.

Wengine hutaja mwaka 1986, ulioanza dola ikiwa haifiki shilingi 20 na katikati yake ikawa 40. Ni kweli, lakini aliyefaidika ni aliyekuwa na dola yenyewe, si aliyekopeshwa kivuli chake.

Maduka ya kubadili fedha hupewa leseni na Benki Kuu. Anayeahidi faida kwa simu aulizwe kwanza leseni yake, kabla fomu ya mkopo haijatiwa sahihi.