Anayebaki Nyumbani

Ukipita Kenyatta Avenue utawaona wanaume watatu wa shaba, ukumbusho wa askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mke hayupo pale, wala mtoto.

Januari 15, 2016, kambi ya wanajeshi wetu iliposhambuliwa kule El Adde, Somalia, jirani yangu wa Kawangware alishinda na simu mkononi. Mumewe alikuwa Somalia. Majirani tulipiga hodi mmoja baada ya mwingine (nami nikiwemo, kwa aibu yangu) kumwuliza amesikia nini. Hakuna aliyebeba hata uji wa watoto. Mume alipiga simu siku ya tatu.

Una jirani kama huyo? Acha maswali. Chukua watoto wake Jumamosi wacheze na wako, naye apate kulala.