Daftari la dada limeshinda mfumo wa laki mbili na sabini

Jamani, nimekuwa kimya humu karibu wiki tatu, mniwie radhi. Nilikuwa nyumbani Lingeka, kule Bariadi mkoani Simiyu, na nimerudi kampasi na hasira zangu. Foleni ya kantini na yule mhadhiri wetu asiyetokea nitawaandika siku nyingine. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni na wale wataalamu wa semina za ujasiriamali. Mnawajua. Suti, projekta, chupa ya maji mezani, halafu mtu anakwambia ukifungua biashara bila mfumo umeshakufa hujazikwa. Kinachofuata ni CRM, yaani programu ya kusimamia wateja: inatunza majina, namba za simu, nani kanunua nini, nani anadaiwa, nani akumbushwe lini. Mwaka jana nilikaa kiti cha mbele kabisa, nikaandika kila neno kama vile mtihani ni kesho. Ndo nilipoharibu.

Dada yangu na shemeji walikuwa wamefungua mashine ya kukamua alizeti. Wateja wao ni wa aina tatu: wanaoleta alizeti yao ikamuliwe, wanaonunua mafuta kwa dumu, na wanaochukua mashudu ya kulishia kuku. Wengi wanachukua kwanza, wanalipa baadaye. Dada alikuwa na daftari la kurasa 96, jalada limeshapakwa mafuta hadi linang'aa. Nikalicheka, mimi msomi. Nikamwambia, "Dada, dunia ya leo huwezi kuendesha biashara hivyo." Akanijibu, "Haya mdogo wangu, wewe ndo umesoma."

Kampuni niliyoipata, siitaji jina, ilitaka shilingi 45,000 kwa mwezi, miezi sita mkupuo. Jumla 270,000. Mimi nilitoa 150,000 kutoka kwenye boom langu (mnakumbuka ule mwezi niliokuwa nakula chapati moja kwa siku? sasa mmejua) na dada akatoa 120,000 ambazo zilikuwa za kununulia magunia. Hiyo ilikuwa Julai 2025.

Vituko vikaanza siku ileile. Mfumo unataka jina la kwanza, jina la ukoo na barua pepe, bila hivyo hauendi mbele. Sasa wewe nitafutie barua pepe ya mzee anayechunga ng'ombe. Kijana aliyekuja kuuweka akaandika barua pepe yangu kwa wateja wote 83. Kwa hiyo nikiwa kwenye kipindi cha falsafa ya elimu napokea ujumbe, "Mpendwa Masanja, tumekukumbuka!" Halafu Masanja wenyewe wako saba. Kwenye daftari dada alikuwa ameandika Masanja wa kisimani, Masanja fundi baiskeli, Masanja mrefu, na alikuwa hakosei. Mfumo ukawaweka kwa namba.

Hapo nilikuwa bado nacheka. Kilichonifanya niandike leo ni habari ya bibi mmoja jirani, ambaye sisi wote tunamwita mayu. Alichukua dumu la lita tano, wakakubaliana na dada kwamba atalipa mwanawe akitumiwa hela. Makubaliano ya mdomo. Mfumo haujui mdomo, unajua siku 30. Siku ya 31 ukatuma ujumbe wenyewe: deni lako limepita muda, lipa kuepuka usumbufu. Simu ile si ya bibi peke yake, ni ya nyumba nzima. Aliyeusoma ni mjukuu, kwa sauti, mbele ya wageni waliokuja kwa habari za posa.

Bibi alilipa kesho yake asubuhi. Aliazima hela, akaja, akaiweka juu ya meza bila kukaa, akaondoka. Tangu siku hiyo alizeti yake anaipeleka mashine nyingine, mbali zaidi. Dada alikwenda kuomba radhi mara mbili. Anapokelewa vizuri tu, anapewa kiti, anapewa maji, na alizeti haiji.

Sasa mtaalamu wa semina, njoo unieleze hapo "uhusiano na wateja" ni upi.

Najua mtakachosema kwenye maoni. Mtasema mimi napinga teknolojia, nataka wanakijiji wabaki nyuma. Acheni hizo. Shemeji anapokea malipo kwa simu kila siku, na M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, hakuna aliyehitaji semina ili aitumie, kwa sababu ilikuta shida ambayo watu tayari walikuwa nayo: kutuma hela mbali. Wala msiniambie programu hizi ni za mjini tu. Mmoja wa walioanzisha Zoho, Sridhar Vembu, aliondoka Marekani akarudi India na kuhamia kijijini kabisa, wilaya ya Tenkasi. Programu inaweza kutengenezewa hata shambani. Ninachopinga ni kumuuzia mtu dawa kabla hujamuuliza anaumwa wapi.

Sisi wa ualimu tunafundishwa hili tangu mwaka wa kwanza. Huandiki andalio la somo kabla hujajua wanafunzi wanajua nini. Mwalimu anayeingia darasani na somo la shule nyingine tunamcheka. Sasa hizi programu chimbuko lake ni nini? Siebel ilianza 1993 Marekani kwa ajili ya makampuni makubwa yenye majeshi ya wauzaji. Salesforce ikaja 1999 kule San Francisco na wazo la kukodisha badala ya kuuza, unalipa kwa kichwa kwa mwezi. Kwa kampuni yenye wauzaji 200 wasiojuana, ambapo muuzaji akiacha kazi anaondoka na wateja kichwani, ni akili kabisa. Mashine ya alizeti ya Lingeka ina wauzaji wawili, na wanalala kitanda kimoja.

Halafu lipo jambo la mtandao, ambalo hakuna aliyetuambia. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, nchi nzima tukahangaika. Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi intaneti ikazimwa siku kadhaa. Mfumo wa dada ulikuwa unaishi mtandaoni mia kwa mia. Siku zile wateja walikuja kama kawaida, na hapo ndo nilipogundua siri: dada hakuwahi kuacha daftari! Alikuwa analiandika kila jioni na kulificha chini ya mfuko wa unga ili nisione. Eti hakutaka kunivunja moyo.

Desemba miezi sita ikaisha. Januari hii shemeji alitaka kutoa orodha ya wateja tu, majina na madeni, akaambiwa alipe kwanza. Orodha yake mwenyewe! Hili ndo swali la kwanza ambalo mtu anatakiwa kuuliza kabla hata ya bei: nikiondoka, naondoka na orodha yangu? La pili ni kama inafanya kazi bila mtandao. La tatu hata mimi sikulijua, nimelisoma baadaye: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume. Yule kijana wa mfumo alichukua namba za simu na madeni ya watu 83 na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikimshikia kompyuta.

Daftari nalo si malaika, tusidanganyane. Mchwa wanalipenda, na siku dada akiumwa shemeji hawezi kusoma mwandiko wake. Tumekubaliana hivi: daftari linabaki, kila Jumapili shemeji analipiga picha kurasa za wiki na kunitumia. Wateja wenye simu janja anawawekea alama kwenye WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na ipo tangu 2018: aliyelipa, anayedaiwa, anayesubiri mashudu. Wakifika wateja 300 na kuajiri mtu wa tatu, tutaongea upya, na tutaanza na za bure. HubSpot wanayo ya bure tangu 2014. Ujumbe wa kudai haujitumi wenyewe tena. Dada anakwenda kwa miguu.

Ile 120,000 ya magunia nitamrudishia boom likitoka, nimeshamwambia ingawa anakataa. Na likizo ijayo nitakwenda kwa mayu mwenyewe, maana dada ameomba radhi mara mbili kwa kosa lililokuwa langu.

Haya, kesho saa mbili asubuhi nina tesiti na sijagusa noti. Mtetezi wa semina aje kwenye maoni, nitamjibu jioni.