Shangazi wa Gare na meza ya kuning'inia

Wadau, kuna meza inauzwa siku hizi mtandaoni. Unafungwa vifundo vya miguu, unajilaza, inapinduka, kichwa kinakuwa chini na miguu juu. Eti maumivu ya mgongo kwaheri. Sasa ndugu zangu wa mjini wanataka tuchange tumnunulie shangazi yetu aliyeko Gare, kule Lushoto. Mimi nimepinga.

Tuseme ukweli, wazo lenyewe si la kihuni. Enzi za Hippocrates, karne kadhaa kabla ya Kristo, wagonjwa walikuwa wakifungwa kwenye ngazi. Uzito wa mwili wako unavuta uti wa mgongo, nafasi kati ya pingili inaongezeka kidogo, na mshipa wa fahamu uliobanwa unapumua. Kuna utafiti wa Newcastle, Uingereza, uliochapishwa 2012: kati ya wagonjwa 13 walioning'inizwa, 10 waliepuka upasuaji. Safi sana. Lakini ni watu 13 jamani, tena wenye tatizo la diski moja lililothibitishwa kwa vipimo! Na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, likashauri kuvuta uti wa mgongo kusiwe tiba ya kawaida. Kuning'inia ni kuvuta huko huko.

Halafu kuna hatari. Ukiwa kichwa chini presha ya damu inaweza kupanda, na ya ndani ya macho pia. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, glakoma, mifupa iliyodhoofika au mimba asijaribu kabisa. Shangazi ana presha, ukoo mzima unajua. Na huku kwetu maumivu ya mgongo yanaweza kuwa TB ya uti wa mgongo. Huyo ukimning'iniza unamtafutia ulemavu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna anayeuliza mgongo huo umeharibiwa na nini. Nendeni Gare mkaone mashamba yalivyosimama kwenye miteremko. Mama anainama na jembe asubuhi nzima, kisha anapanda na mzigo wa kabichi kichwani hadi barabarani, jioni kuni na maji. (Wanaume wenzangu msinune, mnajua nani hubeba.) Dakika kumi za kuning'inia zitafuta nini hapo, kama kesho mzigo ni ule ule?

Hizo hela zimlipe kijana wa kubeba kabichi msimu huu, na nauli ya kwenda hospitali apimwe, afundishwe mazoezi. Akianza kufa ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo, asingoje siku ya gulio, aende siku hiyo hiyo.

Wewe kijana wa Dar uliyepimwa na daktari akakuruhusu, jaribu ukitaka. Anza na mwinamo mdogo, dakika moja au mbili, na mtu awe karibu wa kukurudisha.