Kisumu, uchafu mbaya zaidi wa ziwa hauokoteki

Vijana wa Kisumu tunapenda kusafisha ufuo. Jumamosi ikifika, glavu mkononi, chupa za plastiki ndani ya gunia, picha mbili tatu, kisha ngege wa kukaanga. Ni poa, endelea. Lakini kuna uchafu ambao gunia lako haliwezi kuubeba.

Uko kwenye tope. Risasi (ile ya betri, si ya bunduki), zinki na shaba husombwa na mvua kutoka gereji, jua kali na barabarani, zikapita mitaroni na kwenye mito kama Kisat hadi Ghuba ya Winam. Huko hutulia chini. Metali haiozi wala hainuki. Kenya iliachana na petroli yenye risasi kufikia 2006, lakini ile iliyokwisha kuzama haikwenda popote.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huumiza ubongo wa mtoto, na watoto ndio wanaochezea tope ufuoni.

Utaniambia wanaoosha magari ziwani wanatafuta unga. Kweli, na wengi ni rika letu. Ukiwatumia askari wa kaunti, watahamia ufuo mwingine tu. Kaunti iwatengee mahali penye maji na mashimo ya kunasa mafuta na tope, hasla iendelee.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu, iliyowaunga mkono Desemba 2024. Walishinda, sawa, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu ya watoto wao.

Sisi tusingoje kufika huko. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo Jumamosi ijayo, pamoja na glavu, beba barua ya kwenda NEMA na kaunti. Uliza: tope la Dunga na la mdomo wa Kisat lilipimwa lini mara ya mwisho, na lilikutwa na nini? Majibu yabandikwe pale pale ufuoni, kwa Kiswahili na Dholuo, mama muuza samaki ayasome.