KINANDA KISIWE AZABU



Katika karatasi hii viongozi wa wanafunzi wanazoea kuandika juu ya usafi, juu ya kuchelewa na juu ya matusi. Leo hatutaandika juu ya makosa yenu. Tutaandika juu ya kosa letu sisi wenyewe. Wenye kupenda kucheka viongozi, leo ni siku yenu. Lakini musome mpaka mwisho.

Ninyi wote munajua kinanda cha kanisa letu la masomo. Munajua pia zile ngazi 41 za simenti zinazotoka mlangoni mwa kanisa mpaka chumba cha vitabu, huko juu. Kila Jumamosi magaribi kinanda kinashuka. Kila Jumapili, kiisha ibada, kinapanda tena. Bafle mbili zinafuata, na amplifikateri, na ngoma kubwa ya korali. Wageni wakiuliza sababu gani kinanda hakilali pale pale kinapopigwa, tunajibu: "Wezi." Na ni kweli. Mlango wa kanisa hauna kufuli la nguvu, na mbele ya sisi kufika hapa wezi walichukua bafle moja usiku. Tangu siku ile vyombo vyote vya muziki vinalala juu.

Na ni nani anayebeba? Hapo ndipo haya yetu inaanza. Wanaobeba ni wale ambao majina yao iko kwenye liste ya waliochelewa sala ya asubuhi. Ile liste inaandikwa na sisi. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyetuagiza kufanya vile. Tulikuta desturi, tukaifuata, tukaipenda, kwa sababu ilitupa nguvu ya kuogopesha watu. Mtoto wa darasa la saba akisikia "utabeba kinanda", anakimbia kuliko anavyokimbia mbwa.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mvua ilinyesha wakati wa mahubiri. Ngazi zilikuwa na maji. Kwenye liste kulikuwa watoto wanne wa darasa la saba. Wawili walishika upande wa juu, wawili upande wa chini. Mmoja wa wale wa chini, aliye mdogo kuliko wote, alivaa kambambili, maana viatu vyake vililoa. Sisi tulisimama juu kabisa, mikono mfukoni, tukipiga kelele: "Mupandishe mbio, chakula inapoa!" Kwenye ngazi ya 26, pale zinapokata kona, kambambili iliteleza. Kinanda kilirudi chini, kikamsukuma yule mtoto kwenye ukuta, na mkono wake wa kuume ukabaki katikati ya mbao na ukuta. Vidole viwili vilivunjika.

Tunaandika neno hili ingawa ni chungu: sauti ya kwanza iliyotoka kinywani mwetu ilikuwa "Kinanda!" Haikuwa jina la mtoto. Jina lake hatukulijua vizuri.

Kwenye kituo cha afya walimfunga mkono. Wiki nyingi hakuandika, interro za kipindi zikampita. Tulipokwenda kumwona kwenye internati na machungwa matatu, alituuliza kwa sauti ndogo: "Yaya, kinanda haikuaribika?" Hatukuwa na jibu. Tuliweka machungwa juu ya kitanda, tukatoka.

Kiisha siku ile tulifanya jambo tulilopaswa kufanya zamani. Tulipeleka kinanda kwenye mizani ya depo ya mahindi. Kilikuwa na kilo 84. Bafle moja ni kilo 31. Tulipima ngazi pia: kila moja ina urefu wa santimetre 17 kwenda juu, basi zote 41 ni karibu metre 7. Sisi tuliosoma fizike hatukuwa na sababu ya kutojua mambo haya, lakini tulikuwa tunayaacha kwenye daftari.

Fizike inatufundisha mambo mawili. La kwanza: kupandisha kilo 84 kwa metre 7 ni kazi ya karibu joule 5800. Kazi hiyo ni ile ile, ukienda mbio ao ukienda polepole. Mbio haipunguzi kitu. Inaomba tu nguvu nyingi zaidi kwa kila sekunde. Basi kelele yetu ya "mbio, mbio" haikusaidia mtu. Iliwaomba watoto nguvu wasiyokuwa nayo.

La pili ni baya zaidi. Chini, mahali pa sawasawa, walio mbele wanabeba kilo 42 na walio nyuma kilo 42. Kila mtu anafikiri ya kuwa kwenye ngazi ni vile vile. Hapana. Sisi tunashika kinanda kwa chini, lakini kati ya uzito wake ni juu ya mikono, karibu santimetre 40. Kinanda kikilala kwa kufuata ngazi, uzito ule unasogea upande wa mtu wa chini. Tulifanya hesabu kwa mwinamo wa digri 30, na santimetre 110 katikati ya mikono ya mbele na ya nyuma. Walio chini wanapata karibu kilo 60. Walio juu wanapata karibu 24. Ni kusema kila mmoja wa wale wawili wa chini alikuwa na kilo 30 mikononi, tena bila kuona pa kukanyaga, maana kinanda kilimfunika macho. Munganga alimpima yule mtoto: ana kilo 34. Ni kama tulimwambia abebe mtoto mwenzake, kwenye maji, na kambambili.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwetu lilikuwa kanda la usufi kweli, sababu mikono yetu ilikuwa mfukoni.

Sasa tuseme kidogo juu ya kinanda chenyewe, maana wengi wanakibeba na hawakijui. Kinanda hiki cha kukanyaga na miguu, Wafaransa wanakiita harmonium. Alexandre Debain alipata hati ya kukitengeneza kule Paris katika 1842. Hakina nyuzi kama piano. Piano iko na nyuzi zaidi ya 200, na zinavuta kwa nguvu ya tani nyingi, kwa hiyo sherti iwe na kiunzi cha chuma ndani. Ndiyo sababu piano ya kusimama inapata kilo 200 na zaidi, na zile kubwa za konseri zinakaribia 500. Tushukuru Mungu kwamba wazee hawakutuachia piano! Kinanda chetu kinasema kwa njia ya pumzi: miguu inajaza mifuko ya hewa, hewa inapita kwenye vibati vidogo vya shaba, navyo vinatetemeka. Ni chepesi kuliko piano, na sauti yake haiaribiki upesi kwa joto na baridi. Kwa hiyo wamisionere wengi walikichagua kwa safari za mbali.

Lakini vibati vile havipendi kugongwa wala vumbi. Punje moja ya mchanga ikiingia chini ya kibati, noti ile inanyamaza. Ukilaza kinanda, ukikigonga kwenye ukuta, ukikivuta kwa miguu yake, vumbi yote iliyolala chini inaingia ndani. Mpiga kinanda wa korali anasema noti tatu hazisemi tena tangu mwaka jana. Sisi tulifikiri ni uzee. Tunaona sasa ni ngazi. Ni kusema tunabeba kinanda juu ili wezi wasikiibe, lakini sisi wenyewe tunakiiba noti moja moja.

Chombo kizito si haya. Daktari Albert Schweitzer alipokwenda Lambaréné, kule Gabon, katika 1913, alikuwa na piano yenye pedali kama za ogani, zawadi ya chama cha muziki wa Bach cha Paris. Ilitengenezwa kwa namna ya kuvumilia nchi ya joto, ikafungwa katika sanduku lenye zinki ndani, na kwenye mto Ogooué ilisafiri katika mtumbwi mkubwa uliochongwa katika mti mmoja. Piano ilifika. Ilifika kwa sababu watu walifikiri mbele ya kuinua. Haya ni kubeba bila kufikiri.

Na sisi tulio masomo ya Kiprotestanti tungeweza kujua bila kwenda mbali. Musome Hesabu sura ya 4. Waliobeba vyombo vya hema walihesabiwa kuanzia miaka 30 mpaka 50. Sisi tunachagua wenye miaka 12. Kiisha musome sura ya 7. Wana wa Merari, waliobeba mbao na nguzo, walipewa magari manne na ngombe nane. Wana wa Gershoni, wenye mzigo mwepesi zaidi, walipewa magari mawili na ngombe wane. Mzigo ulipimwa, msaada ukafuata uzito. Tena kubeba kulikuwa heshima ya jamaa zao. Hatukuona mahali hata pamoja palipoandikwa ya kwamba anayechelewa abebe.

Tunajua maneno yatakayosemwa. Tumeyasikia tayari, tena katikati yetu sisi viongozi.

Wa kwanza anasema: "Siye tulibebaka, nabo babebe." Ndugu, tulibeba, ni kweli, na wengine kati yetu wana alama kwenye mguu mpaka leo. Kama kuumia kwetu kulikuwa kubaya, juu ya nini tuwarisishe wadogo?

Wa pili anasema: "Mukiondoa azabu hii, batoto batachelewa." Tunaheshimu neno hilo, sababu kuchelewa kunaaribu masomo yote. Lakini kuna kufagia uwanja, kuna kuteka maji ya jikoni, kuna kukata majani siku ya salongo. Kazi hizo zinachosha na hazivunji vidole. Tena kuna ubaya mwingine. Mtoto aliyebeba kinanda kwa azabu, Jumapili akikisikia kinalia, anasikia nini? Sisi tunasikia wimbo. Yeye anasikia ngazi.

Wa tatu anasema: "Chini kuna unyevu na panya." Neno hilo iko na nguvu, na tuliulizana sana juu yake. Mifuko ya hewa ni ngozi na kitambaa. Panya na mende wanaipenda. Lakini kinanda kikiwekwa juu ya mbao na matofali, mbali na ukuta, na kufunikwa kwa kitambaa kizito, kitavumilia kuliko kinavyovumilia ngazi 41 mara mbili kila juma.

Basi tunaomba na tunaahidi.

Tunaomba kwa Bwana Prefe na kwa kamati ya wazazi: kile chumba kidogo nyuma ya mimbara, ambamo munawekwa mifagio na viti vilivyovunjika, kitolewe vitu hivyo, kitiwe mlango wa chuma na kufuli mbili. Kinanda, bafle na ngoma vilale humo. Fundi wa vyuma ni jirani yetu. Korali imekubali kuimba konseri moja, na mapato yote yatakwenda kwenye mlango ule.

Na kungojea mlango, tunaahidi haya. Kuanzia Jumapili hii hakuna mwanafunzi wa darasa la saba wala la nane atakayegusa kinanda ao bafle kwenye ngazi. Tutabeba sisi viongozi pamoja na wafinalisti, watu sita, na wenye nguvu watakuwa chini. Tutapitisha mikanda na kushika kinanda katikati ya kimo chake, si kwa chini, ili uzito ugawanyike karibu sawasawa. Kifuniko kitafungwa kwa kamba. Hakuna kambambili, viatu tu. Ngazi zikiwa na maji, kinanda kitangoja, na chakula kitapoa. Tutapumzika kwenye kona. Mtu mmoja tu ndiye atakayesema "inua" na "weka", wengine watanyamaza. Na hakuna mtu atakayesimama chini ya mzigo ili kutazama.

Ile liste tumempelekea Direkta wa nidhamu, tukamweleza yote, hata habari ya mikono mfukoni. Alinyamaza kitambo, kiisha akatuambia tuandike katika karatasi hii. Ndiyo maana munasoma.

Sisi wafinalisti tutaondoka hapa kiisha Egzame ya Serikali. Wadogo watakaopokea kazi hii kiisha sisi, musiseme kwamba mulikuta desturi. Desturi mutakayoikuta ni hii: anayeagiza, anashika upande wa chini.

Nawe ndugu yetu wa darasa la saba, ulituuliza swali kwenye internati na hatukukujibu. Jibu ni hili: hapana, kinanda hakikuaribika siku ile. Ni sisi tulioaribika, na tunakuomba samahani mbele ya masomo yote. Jina lako tunalijua sasa. Mkono ukipona, kama unapenda, njoo kanisani Jumamosi kiisha chakula. Mpiga kinanda wa korali amekubali kukufundisha. Usichukue kitu. Kuja tu na vidole vyako.



Doyen wa wanafunzi, kwa niaba ya viongozi wote