Kovu na Cheti

Askari mzee akiomba nishani ya jeraha baada ya miaka arobaini au hamsini, swali la kwanza aulizwalo ni moja: cheti kiko wapi? Haulizwi risasi ilimpata wapi, wala nani alimfunga kitambaa damu isimwishe, wala kama ilikuwa alfajiri au magharibi. Huulizwa karatasi ya daktari wa jeshi. Akiwa nayo, ni shujaa. Akiwa hana, ni mzee mwenye kovu tu, na makovu, wasema wenye ofisi, hupatikana hata kwa panga la shambani. Ada hii imekaa katika nchi nyingi kwa muda mrefu hata imepata sura ya haki. Sura ni ya haki, lakini mwili si wake. Aliyekuwa na kalamu siku ya jeraha hakuwa yule aliyelala chini akivuja damu. Jeshi ndilo lililoandika au lililoacha kuandika, likatunza au likapoteza. Kisha jeshi hilo hilo humgeukia majeruhi na kumdai yeye daftari.

Na ichukuliwe Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, kuwa mfano, maana nchi ya Ugogo imeonja vita vya watu wengine kuliko wanavyodhani wale waipitao kwa gari moshi. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na reli ndiyo iliyoleta vita. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Afrika ya Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliutwaa mji, Wajerumani wakarudi nyuma. Kila upande, wakati ulipokuwa na nguvu, ulichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ziliposhindwa kuja, ghala zilikuwa zimekwisha kufagiliwa, na wenye nguvu ya kulima walikuwa safarini, mizigo vichwani. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo huiita Mtunya, ilidumu tangu 1917 mpaka 1920, na yakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa katika watu 150,000. Mpagazi aliyerudi na mapafu yaliyoharibika, au asiyerudi kabisa, hakuandikwa kuwa amejeruhiwa na adui. Adui wake alikuwa kuhara na mzigo, na nishani za majeruhi hazikukatwa kwa kipimo chake.

Kwamba madaftari ya vita vile hayakuwa kamili si tuhuma ya wenye chuki. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipokea taarifa ya kamati yake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa kwa ajili ya dola ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Na walio wengi walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Basi ikiwa mwenye daftari amekiri kwamba maiti walimpita asiwaandike, kwa hoja gani atashikilia kwamba jeraha lisiloandikwa halikutokea? Maiti ni kitu kikubwa kuliko kovu.

Vita vya pili vilikuwa na wino zaidi, walakini haki yake haikuzidi sana. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, wengine kwa hiari yao, wengine kwa kutolewa na machifu. Askari keya wa Tanganyika walikuwa Uhabeshi mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942. Tena walikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, katika mvua na tope, mpaka mto Chindwin. Hakuna mwenye akili atakayemlaumu daktari wa bonde lile kwa karatasi iliyolowa. Daktari mwenye majeruhi watano mbele yake hushika kisu kabla ya kalamu, na hufanya vema. Lakini ikiwa daktari amesamehewa kwa kutoandika, mgonjwa wake atahukumiwaje kwa kutoandikwa?

Uingereza, kwa kweli, haikuwa na nishani ya jeraha. Ilikuwa na mstari wa dhahabu ulioshonwa juu ya mkono wa kushoto wa koti la jeshi, uliowekwa mwaka 1916, ukaachwa, ukarudishwa mwaka 1944. Alama ya nguo huisha pamoja na nguo. Mzee wa Zuzu ambaye angepeleka ombi lake London angekuwa akiomba kitu kisichokuwapo, na angejibiwa hivyo kwa adabu. Jambo ambalo lilikuwapo, na lililopimwa kwa uangalifu mkubwa, ni bakshishi ya kuagwa askari. Hiyo ilipimwa kwa rangi ya ngozi: mweusi alipata karibu theluthi moja ya fungu la mweupe wa cheo kile kile kwa kila mwezi wa utumishi. Kumbe madaftari yaliweza kuwa sahihi yalipotakiwa. Na Serikali iliyompimia askari mweusi kwa kibaba ilimwaga pauni karibu milioni 36 katika mashamba ya karanga baina ya 1947 na 1951, na Kongwa, palipoanzia karanga hizo, iko Ugogo humo humo. Hasara ile ilifutwa vitabuni kwa kalamu moja, wala hakuna aliyemdai mkulima wa Kigogo cheti.

Wajerumani nao wana kisa chao, na kisa hicho yafaa kitazamwe kwa makini kwa kuwa husimuliwa kila mara kwa tabasamu. Beji yao ya majeruhi iliwekwa tarehe 3 Machi 1918: nyeusi, ya fedha, na ya dhahabu, kwa kadiri ya hesabu ya majeraha. Wakati ule askari wa Lettow-Vorbeck walikuwa Msumbiji, wamekatika na Ulaya, wakipigana kwa risasi walizowanyang'anya adui zao. Waliweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, na mishahara yao ilikuwa haijalipwa. Ikapita miaka 46. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck mwenyewe, Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa wale waliosalia.

Husimuliwa kwamba dawati la kulipia fedha lilifunguliwa Mwanza, na wazee kama 350 wakaja. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa na jemadari wao. Wengine walileta vipande vya nguo za jeshi vilivyochakaa. Wengi hawakuwa na kitu. Ndipo mwenye fedha, Mjerumani aliyetumwa kulipa, alipopata hila: kila mzee apewe ufagio, aamriwe kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Wote wakafanya. Hakuna aliyekosea.

Wasimulizi wa Ulaya huona hapo uaminifu wa askari na kumbukumbu isiyokufa. Msomaji wa Kiafrika na asimame kidogo mbele ya ufagio ule. Wazee wa miaka sabini, wengine wenye vyuma mwilini, wamesimama juani na kuamriwa kama kuruta. Na fedha hiyo si sadaka, ni deni. Mdeni ndiye aliyeamrisha, mwenye kudai ndiye aliyepiga saluti. Katika hadithi yote hakuna mahali pasemapo kwamba mzee mmoja aliambiwa avue shati. Mwili ulitakiwa ushuhudie utii wake, haukutakiwa ushuhudie maumivu yake. Hata hivyo, ule ufagio wenye fedheha ulikuwa na hekima moja ambayo ofisi za vyeti hazina: ulikubali kwamba mtu aweza kubeba ushahidi ndani yake mwenyewe, na kwamba mlipaji ndiye mwenye kazi ya kubuni njia ya kuupata.

Wamarekani wamelazimika kujifunza jambo hilo kwa moto. Nishani yao ya majeruhi, iitwayo Purple Heart, ilifufuliwa mwaka 1932, na masharti yake ni magumu: jeraha liwe la adui, na liwe limetibiwa na mganga. Tarehe 12 Julai 1973 ghala ya kumbukumbu za jeshi karibu na St. Louis iliungua, yakateketea majalada ya watu baina ya milioni 16 na 18. Je, wale watu hawakupigana? Nchi ile haikuthubutu kusema hivyo kwa raia zake. Wazee walioomba baadaye waliweza kuleta viapo vya wenzao waliokuwapo, barua za wakati ule, na karatasi nyingine zilizosalimika. Ofisi hubishana nao, tena hubishana sana, na wengine hurudi mikono mitupu. Lakini mlango haukufungwa ati kwa kuwa jalada ni majivu. Huko Ugogo majalada hayakuungua. Mengi hayakuandikwa tangu mwanzo, na hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kuacha mlango wazi.

Wapo wasemao kwamba nishani ya mkoloni ni aibu, na kwamba mzee aliyepigania ufalme wa watu wengine afadhali anyamaze. Maneno haya ni mepesi kinywani mwa mtu ambaye chifu hakumtaja jina lake barazani. Vita vyaweza kuwa vya mwingine, lakini mguu ulikuwa wake. Wengine husema amechelewa mno. Nani amechelewa? Mzee amekuwa Zuzu siku zote. Wengine huogopa waongo, na hofu hiyo ina msingi, maana penye nishani hapakosi mwongo. Lakini mwongo hupata cheti upesi kuliko mkweli, kwa kuwa karatasi hununuliwa, ilhali chuma kilichokaa karibu na mfupa hakiuzwi sokoni. Mwenye kuogopa uongo angeanza kuzikagua karatasi.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya historia tu, maana askari wa Burma walio hai leo ni wa miaka mia au zaidi, lau kama Tanzania yenyewe isingekuwa na majeruhi wake. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vijana wa Jeshi la Wananchi na wa mgambo walitoka kila mkoa, na Dodoma mmojawapo. Mgambo aliitwa kutoka shambani, akapewa bunduki, akapigana, akarudi shambani. Na mtu wa namna hiyo ndiye asiyeelekea kuwa na karatasi. Kila tarehe 25 Julai Taifa huwakumbuka mashujaa, zikawekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mshale penye mnara. Hizo ni heshima za waliokufa, na wanazistahili. Aliyejeruhiwa husimama katika umati akitazama.

Linalotakiwa si gumu. Mzigo wa uthibitisho uhame. Mzee akitaja kikosi chake, mahali na majira, na mwili wake ukilingana na maneno yake, na aaminiwe mpaka jeshi lilete daftari linalomkanusha. Lisipolileta, ni hasara ya jeshi. Wenzake waapishwe wakiwa bado wapo. Mkewe aulizwe, kwa kuwa ndiye aliyeosha jeraha lile miaka yote na ndiye ajuaye hutoa usaha mwezi gani. Afisa apelekwe kijijini na kalamu, mzee asiitwe mjini na bahasha. Wala pasiwe na ufagio wa namna yoyote, hata ule wa fomu yenye nakala tatu.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, amekwisha kupita miaka 65. Ikiwa anakaa Zuzu, safari yake mpaka hospitali ya mkoa mjini Dodoma ni fupi, na picha moja ya eksirei yatosha kuonyesha kama chuma kingali ndani.