Alama za Fundi Seremala

Binti yangu wa darasa la sita aliagizwa shuleni abuni mtambo wa mfululizo: gololi iteremke, iangushe dhumna, dhumna ya mwisho ivute uzi, na hatimaye kengele ilie. Siku ya maonyesho gololi yake ilikwama hatua ya saba. Mtambo ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa wa mbao zilizopigwa randa na kupakwa vanishi. Mwenye mtambo alipoulizwa kwa nini mteremko wake umeinamishwa kiasi kile, alimtazama baba yake.

Sina ugomvi na mtoto yule. Ugomvi wangu ni na utaratibu wa alama uliompeleka baba yake kwa fundi seremala.

Tufanye hesabu. Chukua mtambo wa hatua 10, kila hatua ikifaulu mara 9 katika majaribio 10. Unaonekana mzuri, lakini utafika mwisho takriban mara 35 tu katika 100. Ukitaka ufike mara 90, kila hatua sharti ifaulu mara 99 katika 100. (Wasomaji wangu wa serikalini, mnaojua jalada hupita meza ngapi, hesabu hii ni yenu pia.) Hapo hapana njia ya mkato: ujaribu hatua moja moja, uandike ilipokwama, ubadili jambo moja tu, ujaribu tena. Daftari la binti yangu limejaa maandishi ya namna hiyo. Hakuna aliyelifungua.

Rube Goldberg, mchora katuni wa Marekani aliyesomea uhandisi, alichora mitambo hii kukejeli jambo jepesi linalofanywa kwa njia ndefu. Sisi tumemwongezea hatua moja: pochi ya mzazi.

Wapo watakaosema mtambo usiofanya kazi haustahili alama. Kiwandani, naam. Shuleni, kauli hiyo humfundisha mtoto kuficha kilichoshindikana, nami humpokea chuo kikuu akiniletea matokeo ya maabara yasiyo na doa, yaliyopikwa usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Kesho huyo ndiye atakayekagua daraja.

Basi mitambo ijengwe darasani, kwa maboksi na vifuniko vya chupa. Nusu ya alama ziende kwenye daftari la majaribio. Na mtoto ahojiwe mzazi akiwa nje. Nimemwandikia mwalimu mkuu hivyo. Nasubiri jibu.